Mbili, Nne, Sifuri

Béatrice, binti wa Papa Mukendi, aliniandikia ujumbe Jumatatu asubuhi kuniarifu kwamba baba yake amefariki, kwamba mazishi ni Jumamosi, na kwamba familia ingependa nisome ukurasa mmoja wakati wa chakula baada ya ibada, katika ukumbi wa Greenbelt. Hakuhitaji kunieleza ni ukurasa gani. Niliupiga taipu mwenyewe, zaidi ya miaka thelathini iliyopita, katika chumba cha katikati cha nyumba ya Mzee Harlan huko Columbia Heights, D.C., wakati treni ya chini ya ardhi ilikuwa bado haijafika mtaani na barabara ilikuwa imechimbuliwa kiasi kwamba mtu alivuka kwa kukanyaga mbao. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Tangu hapo nimefanya kazi ya kupanga vitabu maktabani mpaka nikastaafu, na watu wakiniuliza kazi hiyo nilijifunzia wapi huwa nataja chuo, kwa sababu ni jibu fupi. Jibu refu ni mwaka ule mmoja nilioishi kwa Mzee Harlan nikiandika habari za injini za mvuke.

Mzee Harlan alikuwa Mmarekani Mweusi, fundi mstaafu wa mabehewa, mrefu, mwenye sauti ya kuamuru hata anapoomba chumvi. Kiswahili alijifunza ukubwani, katika darasa la jioni la kanisani, na alikizungumza kwa uangalifu wa mtu anayeteremka ngazi akiwa amebeba sinia la vikombe. Mimi aliniita Bi. Mwanaidi tangu siku ya kwanza, ingawa ningeweza kuwa mjukuu wake. Makubaliano yetu yalikuwa mepesi: chumba cha juu kilikuwa changu, chenye dirisha la kuangalia uchochoro na bomba la joto lililogonga alfajiri kama mgeni, na mimi nilimsomea barua zilizotoka Tabora, Kigoma na Nairobi, nikamwandikia majibu, na kupiga taipu kadi. Kadi ndizo zilizotawala nyumba ile. Zilikuwa kwenye masanduku ya viatu mezani, ngazini, juu ya friji, na kwa muda fulani ndani ya oveni, mpaka siku alipoisahau na kuiwasha.

Kila kadi ilikuwa ya daraja moja la injini. Daraja, alinieleza, ni familia: injini zote zilizoundwa kwa mchoro mmoja, hata kama kiwanda ni tofauti na zimepishana miaka. Alizitaka zile za mwanzoni mwa karne ya ishirini, zilizokwenda Afrika zikiwa vipande ndani ya meli na kuunganishwa huko na watu ambao hawakupigwa picha. Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani, maana injini hubadilisha majina. Utawala mpya unakuja, unafuta namba za zamani, unaandika zake. Boila inabadilishwa, daraja linapewa herufi nyingine. Na mtu asiye makini anaweza kuiandika injini moja mara tatu akadhani ni tatu. Kwa hiyo Mzee aliweka sheria. Hakuna kitu kitakachoingia kwenye kadi mpaka kishuhudiwe na watu wawili wasiojuana, au mtu mmoja na karatasi moja. Niliiona sheria hiyo ya kuchosha. Leo ninaiona ya kuchosha vilevile, lakini niliitumia kazini kwa miaka yote na haijawahi kuniangusha.

Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa kwamba injini zenyewe hazikuwa shida yake. Chini ya kila kadi aliacha mistari mitatu kwa ajili ya majina ya mafayamani, yaani wale waliosimama nyuma ya boila wakilisha moto kwa makaa au kuni. Baba yake alikuwa fayamani huko Virginia. Alilisha moto maisha yake yote na hakuruhusiwa hata siku moja kuendesha injini, kwa sababu ya rangi yake, na alipokufa kampuni ilikuwa na picha ya kila injini aliyoifanyia kazi na haikuwa na jina lake popote. Mzee alinieleza haya akiwa anakwangua magamba ya samaki, bila kuinua uso. "Nimetafuta kotekote, Bi. Mwanaidi. Injini ipo, namba ipo, hata uzito wa boila upo. Mtu hayupo." Halafu akauliza kama napenda limau.

Alikuwa mpishi mzuri, na Jumamosi alipika kwa watu wengi kuliko waliokuwepo. Kulikuwa na samaki wa kukaanga kwa unga wa mahindi, na majani mapana yanayofanana na sukuma wiki ambayo aliyachemsha mpaka yakakata tamaa. Kwa heshima yangu aliacha kuyatia nguruwe, akatia bata mzinga aliyekaushwa kwa moshi. Uji mzito wa mahindi aliuita ndugu wa ugali. Mimi sikuutambua undugu huo ila nilikula. Watu wa reli walipitapita Jumamosi hizo: wastaafu wa karakana ya Alexandria, Virginia, wapenzi wa injini wenye kamera shingoni, mara nyingine mwanafunzi wa Kenya aliyefuata chakula na kuwasifu wenyeji kwa kusema hapa ni fiti. Walibishana juu ya mabomba na vali kwa hasira ambayo nyumbani kwetu niliiona tu kwenye mambo ya mirathi. Nilikaa pembeni na taipu yangu, nikiandika kila walichokubaliana, ambacho hakikuwa kingi.

Papa Mukendi aliletwa na mmoja wa wastaafu hao mwezi wa pili au wa tatu wa kukaa kwangu. Alikuwa Mkongo wa Katanga, mtu wa makamo, msimamizi wa maegesho ya magari ya hoteli moja Alexandria, na alivaa suti kuja kula samaki. Alibeba sufuria ya majani ya muhogo, aliyoyaita sombe na mimi nikayaita kisamvu, na Mzee akainuka kwenda kutafuta kamusi ili atuamue. Baada ya kula, Papa Mukendi aliweka mikono mezani akasema, "Mzee, minakuya na habari ya baba yangu. Jina yake Ilunga. Alikuwa anatiya kuni mu machini, miaka na miaka. Picha yake hapana. Kaburi yake hatujue, vita ilipita pale. Kama jina inaingia mu kitabu yako, basi iko fasi moja mu dunia kwenye iko." Mzee aliitikia kwa kichwa, akaniambia nichukue kadi mpya, na akaenda jikoni kuchemsha maji, kwa sababu alikuwa na kanuni nyingine kwamba shahidi aachwe na mwandishi peke yao asije akamfurahisha mwenye nyumba.

Nakumbuka vizuri yaliyotokea mezani, na ningependa kuyakumbuka vibaya. Nilimuuliza maswali yaliyokuwa kwenye kadi: inachoma nini, inavuta nini, inapita wapi. Alijibu kwa furaha. Ilichoma kuni. "Ilikuwa navuta mawagon makumi mbili, mama, inapanda mulima, haina shida!" Nikauliza mpangilio wa magurudumu. Bila kusita akasema, "Deux, quatre, zéro. Mbili, ine, zero. Kila mutoto ya cité, ya mutaa yetu, alikuwa najua ile." Nikaandika mbili, nne, sifuri. Lakini yeye hakuishia hapo. Alivuta vifuniko viwili vya soda akavipanga mbele yake, na nyuma ya vifuniko akapanga visahani vinne vya vikombe, vyote kwenye mstari mmoja. "Hii njo upande moja. Ule upande ingine, vilevile." Niliona. Nilitazama vifuniko viwili na visahani vinne, nikasema sawa, Papa. Kisha nikavikusanya kwa sababu chai ilikuwa inakuja, na kwa sababu kadi ilikuwa na nafasi ya tarakimu tatu na haikuwa na nafasi ya visahani.

Hapa lazima nieleze jambo moja, na nitajitahidi lisichoshe. Wamarekani na Waingereza huhesabu magurudumu yote ya injini, kulia na kushoto: ya mbele yanayoongoza, ya katikati yanayosukuma, na ya nyuma. Kwa hesabu hiyo mbili-nne-sifuri ni injini ndogo, ya kuvutia mabehewa mawili matatu stesheni. Wafaransa na Wabelgiji hawahesabu magurudumu, wanahesabu vyuma vinavyoyaunganisha, ekseli, na kila ekseli ina magurudumu mawili. Kwa hesabu yao mbili-nne-sifuri ni injini yenye magurudumu manne ya mbele na manane ya kusukuma, mnyama mkubwa wa milimani. Hakuna aliyekosea. Papa Mukendi alisema alichofundishwa, na vyombo vyake mezani vilisema hivyohivyo kwa mtu yeyote mwenye macho. Mimi tu ndiye niliyekuwa na tarakimu na visahani kwa wakati mmoja, na nikapeleka tarakimu peke yake.

Mzee aliipima kadi kwa wiki mbili. Jumamosi ya tatu, baada ya kula, mbele ya watu saba au wanane na Papa Mukendi akiwa na suti ileile, alivaa miwani akasoma uamuzi wake, kama alivyofanya kwa ushahidi wa kila mtu. "Injini ya mpangilio huu haiwezi kupandisha mabehewa ishirini mlimani. Hali kadhalika, hakuna orodha yoyote ya reli ile inayoitaja. Kwa hiyo, kwa masikitiko, ushahidi haukukubaliwa." Kwake hayo yalikuwa maneno ya kawaida. Alishawahi kukataa ushahidi wa shemeji yake mwenyewe, wakaendelea kucheza karata. Papa Mukendi alisimama taratibu. "Alors, unasema baba yangu alikuwa muongo?" Mzee akasema hapana, alikuwa anasema juu ya magurudumu. "Magurudumu haina muongo. Mutu njo muongo. Unasema mbele ya batu baba yangu alinidanganya." Akachukua sufuria yake, ambayo ilikuwa bado na sombe ndani, akatoka. Wageni walitazama sahani zao, kisha mmoja akauliza kama kuna mkate wa mahindi uliobaki.

Nilitambua kosa langu mwanzoni mwa kiangazi, siku ya joto, nikimsomea Mzee barua ya dereva mstaafu wa Tabora. Mzee yule wa Tabora alikuwa na mwandiko mzuri na maneno mengi, na katikati ya malalamiko juu ya magoti yake aliandika kwamba vijana wa siku hizi wanachanganya orodha za zamani, kwani Mjerumani alihesabu ekseli na Mwingereza alipoichukua reli akahesabu magurudumu, injini ni ileile. Nilisoma sentensi hiyo kwa sauti na nikaendelea na magoti. Mzee hakushtuka, maana yeye hakuviona vile visahani. Nilipanda chumbani nikakaa kitandani. Nilikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya Papa Mukendi wala ya jina la baba yake. Niliogopa kuonekana mzembe na mtu mmoja tu katika jiji lile aliyeniona hodari.

Kesho yake nilipiga taipu kadi mpya: nne, nane, sifuri. Nilimpelekea pamoja na barua ya Tabora na orodha ya Kibelgiji niliyoipata maktabani, ambamo injini ya namna hiyo ilikuwepo, inachoma kuni, kwenye reli ileile. Shahidi mmoja na karatasi moja. Mzee alizisoma zote akiwa amesimama. Halafu aliuliza swali ambalo nilijua ataliuliza. "Je, Bi. Mwanaidi, shahidi alipotoa ushahidi wake, hakuonyesha kama ni ekseli au magurudumu?" Nikasema, "Hapana, Mzee. Alijieleza vibaya." Sentensi hiyo ilinitoka kirahisi mno. Mzee alivua miwani akaifuta. "Basi na aje tuandike upya mbele yake. Nenda ukamwambie. Mwambie mlango uko wazi."

Nilipanda basi mpaka katikati ya jiji, nikapanda treni mpaka Alexandria, kisha basi lingine mpaka hotelini. Papa Mukendi alikuwa kwenye kibanda cha vioo penye kizuizi cha magari, na kwa sababu magari yalikuwa yanakuja tulizungumza kwa vipande vipande, yeye akiinua kizuizi na kukishusha. Nikamwambia kadi imesahihishwa. Injini ya baba yake imekubaliwa na jina la Ilunga limeandikwa. Alifunika uso kwa mkono mmoja, gari likapiga honi, akainua kizuizi. "Na ilikuwa namna gani?" akauliza. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima kusema mimi. Nikasema, "Mzee alikosea kuhesabu." Papa Mukendi alikishusha kizuizi. "Merci, mutoto yangu. Wewe uko mutu ya muzuri. Lakini yeye alisema mbele ya batu. Mwambie akuye yeye moya, aseme pardon. Minamungojea."

Nilirudi na jibu nililoligeuza kidogo. Nilimwambia Mzee kwamba Papa Mukendi amefurahi, atakuja akipata nafasi. Kuanzia hapo kila mmoja alikuwa anamsubiri mwenzake aje kukiri kosa ambalo hakuna hata mmoja wao aliyelifanya, na mimi niliyekuwa katikati nilikuwa naosha vyombo. Mzee alitenga sahani ya Papa Mukendi Jumamosi zote za kiangazi kile. Mara mbili alisema labda ampigie simu, na mara mbili nilimwambia asimharakishe, Wakongo hawapendi kuharakishwa. Sijui Wakongo wanapenda nini kuhusu kuharakishwa. Nilisema kilichonijia. Majani yalipoanza kubadilika rangi Mzee alipata kiharusi akiwa kwenye ngazi, kati ya masanduku mawili ya kadi, na alikaa hospitalini siku tisa bila kurudiwa na sauti. Kwenye mazishi yake nilimtafuta Papa Mukendi kwa macho. Hakuwepo, na ni kweli kwamba hakuna aliyemwambia.

Wapenzi wa injini waliunganisha nguvu wakazichapa kadi ziwe kitabu, nakala chache, jalada la kijani, na mimi ndiye niliyekipanga. Nilimpelekea Papa Mukendi nakala yake kwa posta. Nyumba ya Columbia Heights iliuzwa. Siku hizi stesheni iko umbali wa kutupa jiwe, maduka makubwa yamejaa, na mahali palipokuwa na chumba cha katikati, nikipita, naona kupitia dirisha kiti kimoja cha kijivu na baiskeli ukutani. Sina machungu na kiti hicho. Mimi si mtu wa kulia mbele ya majengo.

Jumamosi nilikwenda Greenbelt. Ukumbi ulikuwa na meza za kukunja, sombe, samaki, wali, na wajukuu walioongeleshwa Kiswahili wakajibu kwa Kiingereza. Béatrice, ambaye sasa ana mvi, alinipa kitabu cha baba yake, na ukurasa ulikuwa umeguswa sana mpaka pembe yake imelainika kama kitambaa. Nikasoma: daraja, kiwanda, nne, nane, sifuri, inachoma kuni. Nikasoma mstari wa chini: Ilunga, fayamani. Watu walipiga makofi. Mama mmoja wa Kikongo alipiga kigelegele, na kijana mmoja akarekodi kwa simu. Nilipokaa, Béatrice alinishika mkono akaniambia kwamba baba yake alikipenda kitabu lakini hakumsamehe yule mzee wa D.C., aliyekuwa na kiburi cha kutokuja hata kuomba radhi. "Until the end, Anti. Alikuwa anasema, yule mzee alinihukumu mbele ya watu, halafu akamtuma msichana."

Nikamweleza. Nilianza na vifuniko na visahani, nikamaliza na kibanda cha vioo, na sikuacha kitu, hata sahani iliyotengwa kila Jumamosi. Nilieleza kwa mpangilio, kwa sababu ndivyo nilivyo. Béatrice alinisikiliza bila kuuachia mkono wangu, jambo lililonishangaza. Watoto walikuwa wanakimbizana kati ya viti. Mtu alikuja akatuuliza kama tunataka chai, akatuangalia, akaenda zake.

"Kwa hiyo yule mzee alikuwa anamngoja," alisema.

"Ndiyo."

"Na Papa alikuwa anamngoja yeye."

"Ndiyo, mwanangu."

"Lakini mzee alikufa mwaka uleule, okay. Papa amekufa last week." Sasa aliuachia mkono. "Alikuwa hapa, Anti. Hapa Greenbelt. You had his number. Kwa nini hukumwambia yeye?"

Ningeweza kumwambia kwamba nilikuwa nasubiri wakati mzuri. Nimeishi na jibu hilo muda mrefu na lina adabu. Lakini nilikuwa nimechoka, na yeye alikuwa amefiwa, kwa hiyo nilimwambia kwamba kila Mwaka Mpya baba yake alikuwa ananipigia simu kunishukuru kwa kuliandika jina la Ilunga, ananiita mutoto yangu, mutu ya muzuri, na kwamba nilitaka aendelee kunipigia.